Funguo ya gari imepotea, haizunguki au gari halitaki kuwaka? Anzia hapa kabla hujamlipa fundi

Malalamiko ya wenye magari hapa Dar ni yale yale iwe Tabata iwe Mbezi. Funguo imepotea, funguo haizunguki, gari linapiga stata halafu kimya, rimoti imekufa. Na hela nyingi zinaliwa sehemu moja tu, mtu anatibu kisichoumwa.

Kwa hiyo shika hili kwanza. Funguo ya gari ya siku hizi ni vitu vitatu kwenye kava moja. Kuna chuma, kazi yake ni kuzungusha kitasa basi. Kuna chipu, kidude ambacho hakina betri kabisa, kinaamshwa na koili iliyozunguka tundu la swichi kwa mawimbi ya chini ya kama kilohezi 125, kinajitambulisha kwa namba yake ya siri, kompyuta ya gari ikikikubali ndo inaruhusu injini iwake, na mfumo huo mzima ndo tunaouita imobilaiza. Halafu kuna rimoti, hii ndo yenye betri, na kazi yake ni milango. Kimoja kinaweza kufa viwili vikabaki wazima kabisa, ndo maana "funguo imekufa" siyo jibu, swali ni kipi kati ya hivyo vitatu kimekufa.

Na siyo kila gari lina chipu. Uingereza magari mapya yalianza kulazimishwa kuwa na imobilaiza Oktoba 1998, lakini magari mengi ya bei ya chini ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yalitoka na chuma na rimoti tu. Ndo maana jirani mwenye IST yake anachonga funguo barabarani na kuondoka nayo inawasha, wewe mwenye Golf ukichonga pale pale inafungua mlango na kuishia hapo. Hamjaibiwa, magari ni tofauti.

Gari linapiga stata vizuri lakini haliwaki, au linawaka sekunde mbili linazima

Angalia taa ya ulinzi kwenye dashibodi, ile nyekundu yenye alama ya gari na funguo au kufuli. Kwa Toyota nyingi ikiwa inapepesa wakati swichi iko off ni kawaida, inakwambia ulinzi uko kazini. Ukiweka on inatakiwa izime. Ikiendelea kupepesa au ikiganda inawaka, gari halijaitambua funguo yako. Ikizima vizuri basi funguo haina kosa, tafuta kwenye pampu ya mafuta na plagi huko na usikubali mtu akuuzie chipu.

Tukikubaliana kwamba ni funguo, anza na mambo ya bure. Toa funguo kwenye mnyororo wake, ibaki peke yake, maana ukiwa na funguo mbili zenye chipu kwenye ringi moja koili inasikia sauti mbili kwa mpigo na haielewi yoyote. Hii ni ya kawaida sana kwa wenye gari mbili nyumbani. Kisha angalia betri ya gari, betri ikiwa hoi umeme unashuka pale stata inapovuta na kompyuta inashindwa kusoma chipu, busti kwanza ujaribu tena. Jaribu na funguo ya pili kama unayo, ikiwasha basi umeshapata jibu bila kumwita mtu.

Sasa ile ambayo inawaumiza wengi hapa mjini, kava mpya. Kava ya zamani imepasuka, unapita Kariakoo, kijana ana meza yake na makava yamening'inia, anaichana funguo kwa kisu, anahamisha kile kibao cha rimoti chenye vitufe, anahamisha chuma, anabana skrubu, dakika tano umemaliza. Rimoti inafungua milango, unafurahi, unageuza swichi gari haliwaki. Chipu imebaki kwenye kava ya zamani. Kwenye funguo nyingi chipu haiko kwenye kibao cha rimoti, imechomekwa kwenye kishimo chake pembeni, kipande cheusi cha milimita kama 12 kwa 6 au kichupa cha kioo, kinafanana kabisa na takataka ya plastiki. Ukigundua pale pale rudi mbio kabla ndoo ya taka haijamwagwa, maana ikishaondoka hiyo siyo tena kazi ya kava, ni kazi ya kusajili funguo upya. Kwa hiyo ukibadilisha kava simama juu ya meza, mwambie "kaka nionyeshe chipu" uione inahama kwa macho yako, na kava ya zamani ondoka nayo mfukoni hata kama imevunjika vipande vinne.

Sababu nyingine ya Dar hasa ni vile vifaa vya GPS na alamu za kufungwa mtaani. Nyingi zina relei inayokata waya wa pampu ya mafuta au wa stata, ikiharibika au mwenye mfumo akiizima kwa simu, dalili zinafanana na imobilaiza isipokuwa taa ya ulinzi inakuwa imezima kama kawaida. Kama gari ni la mkataba na marejesho yamelala wiki mbili, ndugu yangu mpigie mwenye gari kabla ya kumpigia fundi.

Ukishapita hapo kinabaki koili yenyewe pale kwenye swichi, soketi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya, na mwisho kabisa kompyuta. Hapa weka mikono chini, tafuta fundi umeme mwenye mashine ya kusoma imobilaiza, sio ile ya kusoma taa ya injini tu.

ONYO: akikwambia "bosi tuipige shoti hii kitu uachane nayo", kataa. Wengine wanachukua chipu ya funguo ya akiba wanaigundisha kwa tepu pembeni ya koili ndani ya kava ya usukani, gari linawaka kwa chuma chochote kilichochongwa. Linawaka kwako na kwa mwizi vile vile.

Funguo inaingia lakini haizunguki, au imegoma kutoka

Mara nyingi ni usukani umejifunga. Uliegesha tairi zimekata au ukashika usukani wakati wa kushuka. Tikisa usukani kushoto kulia huku unazungusha funguo polepole bila ubabe, itaachia. Kama imegoma kutoka na gari ni oto, gia haijafika P sawasawa, isukume mpaka mwisho. Kuna gari unaona gia iko P kwa macho lakini kiswichi chake cha chini kimejaa soda iliyomwagika na gari halijui.

Ikiwa siyo hayo, chuma kimelika. Hapa tatizo linatengenezwa na sisi wenyewe, tunachonga nakala kutoka kwenye nakala ambayo nayo ilichongwa kwenye funguo iliyolika, kila kizazi kinapoteza kidogo. Mashine ya kuchonga inafuata ilichopewa, ukimpa funguo iliyokwisha atakupa nyingine iliyokwisha ila inang'aa. Tafuta ile isiyotumika sana, au kile kibati kidogo chenye namba ya funguo kama kilikuja na gari, fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa namba anaichonga kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye kitasa usiweke mafuta ya kupikia wala oili ya injini wala grisi, vumbi la mjini litaganda humo, weka unga wa grafaiti kidogo.

Funguo ikikatikia ndani usijaribu kuzungusha na usiweke gundi eti uiunganishe na kipande cha mkononi, hiyo gundi inageuza kazi ndogo kuwa ya kubadilisha kitasa kizima. Mtu wa funguo ana kindoano cha kuvutia. Vipande vyote viwili vitunze, vikiunganishwa mezani vinatosha kusoma meno na kuchonga mpya, na ile chipu iko kwenye kichwa uliyobaki nacho mkononi.

Na usiruhusu nyundo karibu na usukani. Kuna eabegi pale, lile puto la ajali, na nyaya zake ziko karibu kabisa na swichi.

Rimoti haifungui milango ila gari linawaka

Hii ndo nyepesi kuliko zote na ndo watu wanalipishwa kama ngumu. Gari likiwaka, chipu nzima, kwa hiyo neno kuprogramu funguo lisitajwe kwanza.

Betri. Fungua usome namba iliyoandikwa juu yake. CR2032 maana yake upana milimita 20 na unene 3.2, CR2016 upana ni ule ule ila unene 1.6, ukiweka hiyo kwenye nyumba ya 2032 inacheza na kugusa kwa kubahatisha, leo inafanya kesho haifanyi. Mwambie muuzaji aipime, mpya iwe volti 3 au juu kidogo, ikisoma 2.7 ilishazeeka dukani. Hakikisha alama ya jumlisha umeigeuza sawa na ilivyokuwa. Na hivi vibetri viweke mbali na watoto, mtoto akimeza ni hospitali saa hiyo hiyo, vinaunguza koo ndani ya masaa mawili.

Ukiona bado, hakikisha hakuna funguo iliyochomekwa kwenye swichi na milango yote imefungwa, magari mengi yanapuuza rimoti funguo ikiwa kwenye swichi au mlango ukiwa wazi. Jaribu sehemu nyingine, maana karibu na minara au mageti ya rimoti mawimbi yanagongana. Na kama uko kwenye maegesho makubwa, ukabonyeza kufunga na taa za gari hazikupepesa, usiondoke kwa kujiamini, kuna watu wana vifaa vya kuziba mawimbi ili gari libaki wazi. Vuta kitasa kwa mkono.

Maji ya Coco Beach ni hadithi nyingine. Funguo imeogelea na wewe, chipu huwa inapona ila kibao cha rimoti chumvi inakila. Toa betri haraka, suuza kwa maji baridi ya bomba, ndiyo, maji tena, maana adui ni chumvi, kisha kausha kwa feni mpaka siku ya pili. Mchele haufanyi lolote, upike.

Unaponunua rimoti mpya uliza megahezi. Gari lililotoka Japani linasikiliza karibu na megahezi 315, la Ulaya 433. Kava zinaweza kufanana kwa kila kitu, muuzaji akaapa kwa wazazi wake, na rimoti isifanye kazi kamwe.

Gari la kuwasha kwa kubonyeza kitufe linakwambia funguo haipo wakati iko mfukoni

Asilimia kubwa ni betri ya funguo. Na gari halijakufa: ndani ya ile smati kii, yaani funguo ya gari la kitufe, kuna kichuma cha kuchomoa, fungua nacho mlango, alamu ikilia usipaniki. Kaa, kanyaga breki, gusisha funguo kwenye kitufe cha kuwashia, kwa Toyota upande wenye nembo ndo unaogusa kitufe, ukisikia mlio bonyeza hapo hapo. Chipu ya ndani inasomwa kwa ukaribu bila betri, kama zile za zamani tu. Gari nyingine sehemu ya kuweka funguo ni kwenye kishimo katikati ya viti au pembeni ya usukani, kitabu chake kinasema.

Kama betri ni mpya, angalia funguo inalala na nani. Kwenye pochi moja na simu na pawabenki inazibwa masikio. Ukiiweka kwenye ndoano ya sebuleni mita moja mbili toka gari lilipoegeshwa, gari na funguo vinaongea usiku kucha na betri inaisha haraka, halafu huko ndo wezi wa kurusha mawimbi wanakopenda, mmoja anasimama karibu na ukuta wa nyumba na kifaa, mwingine karibu na gari, gari linadhani funguo imefika. Iweke ndani zaidi au kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Toyota nyingi za karibuni ukishikilia kitufe cha kufunga huku unabonyeza cha kufungua mara mbili, funguo inalala usingizi mpaka uibonyeze tena.

Ikishindikana hata kwa kugusisha, hiyo ni antena au kompyuta, mwite fundi.

Umefungia funguo ndani ya gari

Ndani hakuna mtu? Tulia, zunguka ujaribu milango yote pamoja na buti, mpigie mwenye funguo ya pili. Waya wa hanga unaharibu mpira wa dirisha na kwenye magari mengi mapya hauvuti kitu. Fundi funguo anafungua kwenye tundu la mlango bila mkwaruzo.

Ndani kuna mtoto? Usisubiri fundi hata kama amesema yuko Magomeni anakuja. Jua la Dar ndani ya gari lililofungwa ni hatari ndani ya dakika chache. Vunja kioo cha mlango kilicho mbali na mtoto, piga pembeni kwenye kona sio katikati, cha mbele usihangaike nacho kina plastiki katikati hakiachii. Mwingine apige 114 zimamoto. Kioo kinanunuliwa.

Funguo zote zimepotea, hakuna hata moja

Hapa ndo kuna pesa, na hapa ndo kuna uongo mwingi.

Kabla ya yote mpigie aliyekuuzia gari, huwa kuna funguo ya pili imelala kwenye droo yake na kibati cha namba. Kisha andaa kadi ya gari, kitambulisho, na ripoti ya upotevu ya polisi ambayo siku hizi unaijaza mtandaoni. Fundi wa kweli atakuuliza hivyo vitu. Asiyeuliza chochote ujue na mwizi wa gari lako hatamuuliza.

Kazi yenyewe ina hatua, na kila hatua ina bei yake, kwa hiyo uulize bei ya kila moja kabla hajaweka begi chini. Kwanza kufungua mlango na kusoma meno. Fundi mzuri anaingiza kichuma chembamba chenye mistari, anasikiliza kila kipini cha ndani ya kitasa kwa kidole, anaandika namba kwenye kiganja chake, tatu, moja, mbili, nne, kisha anaenda kwenye mashine anachonga toka kwenye hizo namba. Hakuna kitasa kilichotobolewa kwa drili. Akitoa drili mapema, msimamishe.

Kama gari halina chipu, umemaliza. Kama lina chipu, kinachofuata ni kusajili. Kukiwa na funguo moja inayofanya kazi, kuongeza ya pili ni kazi ya dakika chache kwa mashine. Zikipotea zote, gari halina wa kumdhamini mgeni. Nissan nyingi zinataka pini, yaani namba ya siri, inayotolewa kwa namba ya kompyuta yake, Toyota zinataka imobilaiza ifutwe na kuanza upya, na nyingine inabidi kompyuta ifunguliwe na kile kikumbukumbu chake, kidude kinachohifadhi siri za funguo, kisomwe mezani. BMW na Mercedes ni ulimwengu wao, usimpe fundi ambaye anajifunzia kwako. Na ukimsikia fundi analalamika mfumo unaikataa chesisi namba, ile namba ya utambulisho wa gari, gari likiwa lilitoka Japani kwa soko lao namba yake ni fupi, haina zile herufi na tarakimu 17 ambazo mifumo mingi ya Ulaya na Marekani inadai.

Chipu nazo zina madaraja. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha chipu za kampuni ya Texas Instruments zenye siri ya biti 40 zinavunjika, na ndo aina hiyo leo inanakiliwa mtaani kwa mashine ndogo. Za baadaye ni ngumu zaidi. Ndo maana bei ya Premio ya zamani na ya Harrier mpya haziwezi kulingana, hapo fundi hakudanganyi. Ila smati kii ya mtumba anayokuuzia kwa bei ya kutupa uliza kama imefunguliwa, kwa Toyota funguo iliyokwisha kuandikwa kwenye gari moja inajifunga, bila kufunguliwa haikubali gari lingine.

Wakati wa kuprogramu, betri ya gari iwe imeunganishwa na chaja. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa pale pale na bili ikawa nyingine kabisa. Kabla hajaandika chochote kwenye kikumbukumbu, ahifadhi kwanza faili la mwanzo, mwambie akuonyeshe kwenye skrini. Akisema halihitajiki, funga boneti, vuta gari upeleke kwa mwingine.

Agiza funguo mbili kwa mpigo, ya pili inaongeza hela kidogo sana kukiwa tayari mashine imeunganishwa.

Halafu kabla ya kulipa, mwambie afute funguo zote za zamani, maana ile iliyopotea huenda haikupotea, huenda iko kwa dereva wa deiwaka au kijana wa kuosha magari anayejua unapoishi. Kufuta kunaiua chipu tu, chuma chake bado kinafungua mlango, kwa hiyo kama una wasiwasi na mtu badilisha na vitasa. Washa gari kwa kila funguo mpya, zima, subiri kidogo, washa tena, jaribu milango kwa mkono na kwa rimoti. Mwisho mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa. Ukiwa umeshika mbili na skrini inasoma tatu, muulize ya tatu iko wapi.